Jinsi ya kuongeza treni kwenye ratiba ya SGR bila kuzichelewesha zilizopo

Sikukuu ikikaribia, malalamiko ya abiria Dar es Salaam ni yale yale: tiketi zimeisha, kwa nini wasiongeze treni? Ni hoja ya haki kabisa. Safari za Dar es Salaam–Morogoro kwa SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, zilianza tarehe 14 Juni 2024, za Dodoma zikafuata tarehe 25 Julai mwaka huo huo, na watu wameshazoea kutoka mjini asubuhi na kufika makao makuu kabla ya mchana kuisha. Aliyeonja hilo harudi kirahisi kwenye safari ya kutwa nzima.

Lakini treni haiongezwi kama daladala. Daladala ukiiongeza barabarani itajipenyeza yenyewe. Treni haijipenyezi popote, hasa kwenye reli hii yetu ambayo ni ya njia moja, yenye njia za kupishania mahali maalumu tu. Treni inayopanda na inayoshuka zinatumia reli ile ile, na zikikutana lazima mojawapo iwe imeingia pembeni.

Mwongozo huu ni kwa kijana aliyekabidhiwa meza ya ratiba, na kwa abiria anayetaka kuelewa kwa nini ombi lake linachukua muda. Ukisahau mengine yote, shika hili: treni ya ziada haianzi kupangwa kwenye saa ya kuondoka. Inaanza kupangwa pale itakapopishana na nyingine. Wengi hufanya kinyume, na matokeo yake ni abiria kukaa porini dakika 20 wakitazama dirishani bila kuambiwa kitu.

Hatua ya 1: Hakikisha unachohitaji ni treni

Fungua mauzo ya tiketi. Usitazame siku peke yake, tazama pia saa na kipande cha safari. Treni inaweza kuwa imejaa mpaka Morogoro, halafu ikaenda Dodoma na viti vingi vitupu. Hapo dawa ni treni ya ziada inayoishia Morogoro, ambayo inaweza kwenda na kurudi ndani ya muda ambao ya Dodoma ingekuwa haijageuza.

Kisha uliza kama mabehewa hayatoshi kumaliza tatizo. Treni inayovutwa na kichwa unaweza kuirefusha kwa kuunganisha mabehewa. Mchongoko, ile treni ya pua iliyochongoka, ni seti kamili ya mabehewa 8, huwezi kuichomekea behewa la tisa. Urefu nao una mipaka miwili: jukwaa la abiria na njia ya kupishania. Treni isiyoenea kwenye njia ya kupishania haiwezi kuingia pembeni, kwa hiyo kila ikikutana na nyingine ni hiyo nyingine itakayopisha. Ukiweka mbili za namna hiyo zikielekeana, umejifungia mlango mwenyewe.

Wajapani walilimaliza suala hili kwa namna ninayoipenda sana. Kwenye Tokaido Shinkansen, reli yao ya treni za kasi kati ya Tokyo na Osaka, treni zote zina mabehewa 16 na viti 1,323. Seti yoyote inaweza kushika nafasi ya nyingine bila abiria hata mmoja kuhamishwa kiti. Sisi tuna aina mbili za treni za abiria, kwa hiyo kila unapobadilisha aina, rudi kwenye mfumo wa tiketi uhesabu viti upya.

Kuhusu siku zenyewe, zinajulikana: Ijumaa jioni na Jumapili jioni, Bunge la bajeti kuanzia Aprili, Nane Nane, Krismasi, Pasaka. Idi inahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu inategemea mwandamo wa mwezi. Andaa ratiba mbili, ya mwezi kuandama na ya mwezi kutoandama, zote zikiwa na seti na madereva waliokwishapangwa. Ukisubiri tangazo la usiku ule ndipo uanze kutafuta dereva, umechelewa.

Hatua ya 2: Chora grafu

Jedwali la saa linamfaa abiria. Mpangaji anahitaji grafu, ile ambayo watu wa reli wamekuwa wakiitumia tangu karne ya 19. Saa ziende kwa mlalo, stesheni zipangwe kwa wima kulingana na umbali wao halisi. Kila treni ni mstari wa mshazari: inayopanda bara mstari unapanda, inayoshuka Dar unashuka, inayosimama mstari unalala. Mistari miwili ikikatana, treni mbili zinakutana hapo. Mkatano ukiangukia kwenye njia ya kupishania, salama. Ukiangukia katikati ya reli, ratiba hiyo haiwezekani.

Umbali unaweza kuuchukua kwenye orodha ya nauli ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya mwaka 2024. Kutoka Dar es Salaam: Pugu kilomita 19, Soga 51, Ruvu 73, Ngerengere 134.5, Morogoro 192, Mkata 229, Kilosa 265, Kidete 312, Gulwe 354.7, Igandu 387.5, Dodoma 444. Zitazame nafasi hizo vizuri. Soga na Ruvu zimekaribiana, Ruvu na Ngerengere zimeachana kwa zaidi ya kilomita 61. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuongoza.

Hatua ya 3: Weka alama kwenye visivyoguswa

Kabla ya kutafuta nafasi, paka rangi masaa ambayo si yako. La kwanza ni la mafundi wa njia na umeme. Tokaido Shinkansen haibebi abiria kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, na muda huo wote ni wa matengenezo. Kishawishi cha kuchomeka treni ya sikukuu kwenye masaa ya mafundi ni kikubwa, na mimi naomba usikikubali. Kasoro isiyorekebishwa usiku wa leo ndiyo itakayozipunguzia mwendo treni zote za kesho.

La pili ni mizigo. SGR imeanza kubeba mizigo mwaka 2025, na treni ya mzigo imesanifiwa kwenda hadi kilomita 120 kwa saa, ya abiria 160. Kwenye kilomita 100, ya abiria ikienda kasi hiyo yote itatumia dakika 37 na nusu, ya mzigo dakika 50. Ukiitanguliza ya mzigo kwa dakika 10 tu, ya abiria itaikuta mbele kabla ya kilomita hizo 100 kuisha. Kwa hiyo ama ya mzigo iondoke mapema zaidi, ama uiandikie kabisa mahali pa kuingia pembeni ipitwe.

Hatua ya 4: Tafuta pa kupishana, halafu ndipo upate saa ya kuondoka

Hapa ndipo penye kazi, tukae kidogo. Namba zifuatazo ni za mazoezi, nimezirahisisha makusudi ili uweze kuhesabu kwa kalamu.

Tuchukulie treni inakwenda kilomita 2 kwa dakika bila kusimama, na kwamba kupishana kunawezekana stesheni tu. Dar hadi Morogoro, kilomita 192, ni dakika 96. Tayari ipo treni inayotoka Morogoro saa 12:00 asubuhi kuja Dar. Mkuu wako anakuita.

“Kijana, watu wa asubuhi ni wengi. Weka ya ziada itoke Dar saa 12 kamili.”

“Sawa mkuu. Ila ikitoka saa 12:20 itafika Morogoro dakika ile ile.”

Hatakuamini, kwa hiyo mwonyeshe. Zote mbili zikiondoka saa 12:00, zinakutana kilomita ya 96, yaani katikati ya Ruvu na Ngerengere ambako kwenye zoezi letu hakuna pa kupishana. Mojawapo lazima isubiri. Ya ziada inafika Ruvu saa 12:36 na nusu. Ile ya Morogoro inafika Ruvu saa 12:59 na nusu. Abiria wa ya ziada wanakaa Ruvu dakika 23 bila sababu yoyote ya maana.

Sasa hesabu kinyumenyume. Kupishana kuwe Ruvu, saa 12:59 na nusu. Kutoka Dar hadi Ruvu ni dakika 36 na nusu. Kwa hiyo saa sahihi ya kuondoka Dar ni 12:23. Toa dakika 3 za akiba ili ya ziada iwe imeshaingia pembeni kabla mwenzake hajafika, unapata 12:20. Inaingia Ruvu saa 12:56 na nusu, ya Morogoro inapita bila kupunguza mwendo, na saa 1:02 ya ziada inaendelea. Ile iliyotoka saa 12:00 kamili nayo ingeondoka Ruvu saa 1:02. Tofauti pekee ni kwamba abiria wake wameamka mapema zaidi ili waje kukaa Ruvu.

Fanya hivyo hivyo kwa kila stesheni. Ukitaka zipishane Soga, ondoka Dar saa 12:45. Pugu, saa 1:17. Ngerengere, ilikupasa uwe umetoka saa 11:21 alfajiri. Hizo ndizo saa nzuri. Nyingine zote zina kusubiri ndani yake. Angalia pia pengo la kati yake: kutoka 11:21 hadi 12:23 ni kama dakika 62, mara mbili ya dakika 31 za kusafiri kati ya Ngerengere na Ruvu. Kutoka 12:23 hadi 12:45 ni dakika 22, mara mbili ya 11 za kati ya Ruvu na Soga. Ndivyo ilivyo siku zote kama mwendo wa pande zote mbili ni sawa. Penye njia za kupishania zilizokaribiana una uhuru wa kuchagua saa, penye zilizoachana huna.

Kwenye reli yenyewe zipo njia za kupishania nyingi kuliko za zoezi hili. Kipande cha Dar–Morogoro kina kilomita 205 za njia kuu na kilomita 95 za njia za kupishania na za stesheni, na cha Morogoro–Makutupora, mbele ya Dodoma, kina 336 na 86. Ziingize zote kwenye grafu yako, pamoja na urefu wa kila moja.

Usisahau gharama ya kusimama. Treni inayokwenda kasi ikisimama dakika 2 haipotezi dakika 2, kwa sababu kupunguza mwendo na kuuchukua tena kunakula muda mwingine. Muulize dereva mwenye uzoefu na kipande hicho, atakupa jibu lililo karibu na ukweli kuliko la kwenye karatasi.

Baada ya Morogoro, rudia. Treni ya ziada ya Dodoma hukutana na kila treni iliyoondoka upande wa pili kuanzia muda wa safari nzima kabla haijaondoka, hadi itakapofika. Kwa safari ya saa 3 na nusu, hilo ni dirisha la saa 7. Kama upande wa pili kuna treni kila saa moja, una mikutano 7 ya kupanga, na kila unapoisogeza treni ili mkutano mmoja ukae vizuri, mingine 6 inasogea nayo.

Hatua ya 5: Amua nani asubiri

Kanuni yangu ni kwamba ya ziada ndiyo isubiri. Abiria wa treni za kawaida walinunua tiketi wakiamini ratiba iliyotangazwa, na si haki kuwalipisha dakika zao kwa ajili ya treni iliyokuja baadaye.

Ipo hali moja ambayo ninakubali kuigeuza kanuni hiyo. Siku mbili tatu kabla ya Krismasi, watu wote wanatoka Dar. Treni zinazoshuka zina abiria wachache. Hapo mbinu nzuri ni kuituma ya ziada nyuma ya treni ya kawaida, ikiifuata kwa umbali wa dakika 10 hivi. Mfumo wa ishara wa SGR, ule wa Ulaya uitwao ETCS daraja la pili, unamruhusu dereva kwa redio, kwa hiyo treni mbili za uelekeo mmoja kufuatana si shida kubwa. Inayoshuka ikiwa imeshaingia pembeni kuipisha ya kwanza, inangoja dakika 10 zaidi ipite na ya pili. Mikutano haiongezeki mahali papya, inarefuka tu mahali pale pale. Lakini jumlisha: mikutano mitatu ya namna hiyo ni nusu saa kwa inayoshuka. Iandike nusu saa hiyo kwenye ratiba yake ya siku hiyo na uwaambie abiria wake kabla hawajalipa. Kuiacha ijitokeze yenyewe njiani ni kuwadanganya.

Hatua ya 6: Irudishe

Treni iliyokwenda Dodoma lazima irudi, na hapa ratiba nyingi za ziada huvunjika. Chora mstari wa kurudi kwa uzito ule ule wa kwenda. Kama inarudi tupu, ipange kama treni tupu: isubiri kila mahali, isimkwaze yeyote mwenye abiria au mzigo wa haraka.

Kugeuza kunahitaji usafi, maji, ukaguzi na dereva aliyepumzika. Stesheni ya Tokyo wasafishaji wana dakika 7 za kusafisha Shinkansen, na treni hukaa jukwaani kama dakika 12 tu. Usiikopi namba hiyo. Imewezekana kwa sababu kila kitu kingine kimepangwa kuizunguka, kuanzia idadi ya wasafishaji hadi viti vinavyogeuka. Pima muda wenu halisi siku yenye watu wengi, abiria wakiwa na mabegi, watoto na ndoo za zawadi, halafu uongeze kidogo.

Hesabu pia majukwaa. Treni mbili zikikaa Dar kwa wakati mmoja kungoja kuondoka, na ya tatu inaingia kutoka Dodoma, ijulikane itasimama wapi.

Hatua ya 7: Wapigie simu wa umeme na wa njia

Reli inatumia umeme wa kilovolti 25. Treni inakula umeme mwingi zaidi inapoanza mwendo na inapopanda, na kutoka usawa wa bahari hadi Dodoma ni kupanda zaidi ya mita 1,000, huku milima ya Kilosa na mahandaki yake yakiwa njiani. Ukipanga treni mbili zianze mwendo pamoja kwenye kipande kimoja cha umeme, waulize wataalamu kama kinazibeba. Ni simu ya dakika tano, lakini isipopigwa grafu yote ni kazi bure.

Na masika, waulize wa njia. Ukanda wa Kilosa hadi Gulwe una historia ndefu ya mafuriko. Reli ya zamani imewahi kukatika huko mara nyingi. Wakitoa amri ya kupunguza mwendo kwenye madaraja, hesabu zako za kupishana zote zinabadilika, kwa hiyo uwe na grafu ya pili ya mwendo mdogo tayari kabatini.

Hatua ya 8: Mfikirie abiria nje ya treni

Treni inayofika Dar saa 6 usiku imefika, abiria hajafika. Anakwenda Mbagala, Gongo la Mboto, Bunju. Kabla ya kuithibitisha saa hiyo, jua kama mabasi ya mwendokasi ya Gerezani bado yanatembea na kama daladala zipo. Zisipokuwepo, wapigie wahusika wa usafiri wa mjini, au isogeze treni. Mama mwenye watoto wawili kukaa Stesheni mpaka alfajiri ni kosa la ratiba, hata kama treni ilifika kwa dakika.

Ukumbi nao una kikomo. Kuna ukaguzi wa mizigo mlangoni, na treni mbili zikiondoka kwa kupishana dakika 10, foleni zake ni moja. Fungua milango mapema zaidi siku hiyo na utenganishe mistari.

Halafu saa. Kwenye grafu tumia saa 24, kwa sababu ndivyo mifumo inavyofanya kazi. Kwenye tangazo andika saa ya Kiswahili na kipindi chake: saa 12:20 asubuhi, saa 1:17 usiku. Tiketi ikisema 00:15 ya tarehe 24, abiria wengi watakuja usiku wa tarehe 24, wakati treni iliondoka usiku uliotangulia. Treni za kuzunguka saa 6 usiku zitangaze hivi: “usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano”. Hakuna atakayekosea.

Hatua ya 9: Ivuruge mwenyewe kabla haijavurugika

Grafu ikikamilika, chukua penseli uicheleweshe treni moja kwa dakika 10 Ngerengere. Fuatilia: nani mwingine anachelewa, na kuchelewa kunaisha wapi? Kukiisha baada ya mkutano mmoja au miwili, ratiba yako ina akiba ya kutosha. Kukifika hadi treni ya mwisho ya usiku, punguza treni au ongeza akiba. Na akiba iweke kwenye sehemu za kupishana, usiilundike yote mwisho wa safari. Dakika 10 zilizowekwa Dodoma zinapendezesha takwimu za kufika kwa wakati, lakini hazimsaidii mtu anayengojwa Ruvu. Rudia zoezi kwa kila treni, na kwa kila kipande kirefu.

Ikipita, peleka grafu kwa waongozaji wa treni siku kadhaa kabla, pamoja na maelezo ya nani anampisha nani zikichelewa. Mfumo wa tiketi ufunguliwe baada ya hapo, usitangulie.

Siku yenyewe andika dakika halisi za kila kupishana. Baada ya sikukuu zilinganishe na ulizopanga. Treni iliyojaa Ijumaa nne mfululizo na isiyomchelewesha mtu, ipendekeze iingie kwenye ratiba ya kudumu. Iliyosubiri zaidi ya ulivyoandika, isogezwe kwenye saa nzuri inayofuata, na isiyojaa iondolewe ili seti yake ipelekwe Morogoro.